Pedali za baiskeli kwenye njia za Upare

Pedali hutofautiana kwanza kwa jambo moja: mguu umewekwa tu juu yake, au umefungwa. Baiskeli za Phoenix za mjini Same, Upare, huwa na pedali ya vipande viwili vya mpira, isiyobagua kandambili, katambuga wala mguu mtupu. Mpira huo hushika ukiwa mkavu. Ukipakwa tope la mashamba ya mpunga ya Ndungu, mguu huteleza. Pedali bapa pana yenye vijino huondoa tatizo hilo kwa kung'ata soli, ingawa vijino hivyohivyo huchana ugoko mguu ukichomoka.

Njia ya zamani ya kufunga mguu ni kikuku cha chuma mbele ya kiatu, pamoja na mkanda. Mkanda ukikazwa, mguu hautoki mpaka mkono ushuke kuulegeza, na wengi huanguka kabla mkono haujafika. Mwaka 1984 kampuni ya Look ya Ufaransa ilileta pedali inayonasa kibati kilichofungwa chini ya soli. Kisigino kikizungushwa nje, kibati huachia. Mwendesha baiskeli Bernard Hinault alishinda nazo mbio za Tour de France za 1985. Mwaka 1990 kampuni ya Shimano ikatoa pedali ya SPD, yenye kibati kidogo cha skrubu mbili kinachozama ndani ya soli ili mwenye kiatu aweze kutembea.

Kwa Same, kutembea ndiko kunakoamua. Kwenye lami ya Moshi hadi Dar es Salaam, kibati kikubwa cha skrubu tatu, cha aina ya Look, hakina shida. Kwenye mpando wa vijiji vya milimani vya Mbaga au Mamba mwendeshaji hushuka akasukuma, na kibati hicho huteleza juu ya mawe na kujaa udongo hata kisinase tena.

Hoja kwamba mguu uliofungwa huongeza nguvu kwa kuvuta pedali juu imetiwa chumvi. Vipimo vya maabara vilivyochapishwa 2008 havikuona pedali ya kunasa ikipunguza matumizi ya oksijeni katika mwendo wa kawaida. Karibu nguvu yote hutoka kwenye kukanyaga. Faida ya kweli ni kwamba mguu haurushwi nje ya pedali kwenye makorongo.

Aina yoyote ikichaguliwa, uzi wake wa skrubu kwa kawaida ni wa inchi 9/16, na pedali ya kushoto hukazwa kinyume na saa. Anayeilazimisha kwa mazoea ya pedali ya kulia huharibu uzi wa mkono wa chuma unaoishika pedali, na hasara hiyo huweza kuizidi bei ya pedali.

Kwa anayeteremsha tangawizi kutoka Mamba, pedali bapa yenye vijino inatosha. SPD inamfaa msafiri wa masafa marefu mwenye viatu vyake na vibati vya akiba, maana fundi wa kijijini ana pedali za mpira na gololi, si vibati.