Mwamba na Mwamba Ngoma: Uhakiki wa Safari ya Bendi ya Petra

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuyapima maneno ya wimbo kana kwamba yaliandikwa ili yasomwe tu, na wapenzi wa muziki wamezoea kuipima sauti kana kwamba maneno ni pambo lake. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha hasara ya mazoea hayo mawili kwa kuitazama kazi ya bendi moja ya Marekani, Petra, iliyopiga muziki wa roki wa Kikristo tangu mwaka 1972 mpaka ilipostaafu mwishoni mwa mwaka 2005. Haitupasi hapa kuitetea imani ya bendi hiyo wala kuishutumu. Twaichunguza kwa kuwa kwa muda wa miaka 33 ililazimika kulijibu hadharani swali ambalo sisi hulijadili darasani kwa utulivu: je, fani yaweza kutengwa na maudhui?

Na tuanze na jina. Petra ni neno la Kiyunani lenye maana ya mwamba, na ndilo lililozaa jina la mtume Petro. Kwa msikilizaji wa Kiingereza jina hili lina maana mbili kwa pamoja, kwani katika lugha hiyo neno la mwamba na neno la muziki wa roki yana umbo moja. Lakini asili zake ni mbalimbali. Jina la muziki limetokana na kitenzi cha kuyumba na kutikisika, ambacho hakina udugu na jiwe. Basi kitu kisichotikisika na kitu kinachotikisa vimekutana katika tamko moja kwa bahati tu ya lugha. Larry Norman alikwisha kuitumia bahati hiyo katika santuri yake Upon This Rock ya mwaka 1969, yaani “Juu ya Mwamba Huu”, na Petra wakaifanya kuwa jina lao na hoja yao.

Mfasiri wa Kiswahili akifika hapa hukwama, maana mwamba na roki havifanani hata kwa herufi. Hata hivyo lugha yetu nayo ina bahati yake. Mwamba wetu wa mawe unalingana kwa umbo na mwamba atokanaye na kitenzi cha kuwamba, yule wa methali isemayo kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kwa maoni yangu, methali hii yaieleza safari ya Petra vizuri zaidi kuliko mchezo wa maneno walioutumia wenyewe. Hapana shaka kwamba walitaka kuwa mwamba. Linalotuhusu ni kujua nani aliyeiwamba ngoma yao, na ngozi ilivutwa upande gani.

Bendi ilianzishwa mjini Fort Wayne, katika jimbo la Indiana, na mpiga gitaa Bob Hartman pamoja na wenziwe, wakati wimbi la vijana Wakristo wenye nywele ndefu lilipokuwa limekwisha kuenea kutoka California. Santuri ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Myrrh mwaka 1974. Ya pili, Come and Join Us, ikafuata mwaka 1977. Katika hiyo ya pili umo wimbo God Gave Rock and Roll to You, ambao awali ulikuwa wa bendi ya Argent ya Uingereza. Petra waliuchukua, wakabadili baadhi ya maneno, wakauimba kwa nia ya ibada. Wakaurudia katika Beat the System ya mwaka 1984. Mwaka 1991 bendi ya Kiss, isiyo na uhusiano wowote na kanisa, ikauchukua nayo na kuyabadili maneno kwa njia yake.

Mfano huu ndio ushahidi mkubwa wa wale washikao kwamba muziki ni chombo tu, na kwamba chombo hakina dini: hutiwa maji, hutiwa tembo, nacho ni kilekile. Lakini tukiutazama kwa makini twaona kwamba ushahidi wenyewe una ufa. Katika masimulizi yote matatu kiini cha wimbo hakikubadilika: ni sifa ya roki kama tunu itokayo mbinguni. Waliobadilishwa ni majirani wa kiini hicho. Chombo hakikubeba ujumbe tu. Kilijitia chenyewe ndani ya ujumbe.

Wapinzani wa Petra nao hawakuwa na hoja imara zaidi. Mhubiri Jimmy Swaggart alichapisha kitabu kizima mwaka 1987 kuulaani muziki wa roki wa kidini. Wahubiri wa mkondo huo walishika kwamba mapigo yenyewe ni maovu, hata kama maneno ni mema. Ni ajabu kwamba pande mbili zilizopingana vikali hivyo zilikubaliana katika jambo la msingi: kwamba sauti na neno ni vitu viwili vyenye kuamuliwa mbali mbali. Mmoja alisema sauti haina hatia, mwingine alisema ina hatia. Hakuna aliyeuliza sauti na neno hufanyiana nini vikutanapo. Mabishano yetu juu ya mashairi huru, yaliyopamba moto baada ya Kichomi cha Kezilahabi (1974), mara nyingine yaliangukia shimo lilo hilo.

Petra wenyewe walilijibu swali hilo vizuri zaidi katika kazi kuliko katika utetezi. Kazi zao bora, kwa maoni yangu, ni za miaka ya 1981 hadi 1983, wakati mwimbaji alipokuwa Greg X. Volz na kampuni ilikuwa Star Song. Katika Never Say Die (1981) umo The Coloring Song, wimbo mpole uliojengwa juu ya rangi chache, kila rangi ikipewa maana yake. Ndio uliowafungulia mlango wa redio za Kikristo. Uzuri wake ni kwamba usahili wa sauti wafuata usahili wa taswira, kama mtoto apakaye rangi kitabuni. Huwezi kuupigia magitaa ya kishindo ukabaki wimbo uleule.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Katika miaka ile ilivuma shutuma kwamba bendi za roki hufichama ujumbe wa shetani katika santuri, usikikao ikiwa santuri itachezwa kinyumenyume. Petra wakaweka ujumbe wa namna hiyo katika wimbo Judas' Kiss wa santuri More Power to Ya (1982). Aliyejisumbua kuigeuza santuri alikutana na sauti ikimwuliza kwa nini amtafute shetani ilhali yampasa amtafute Bwana. Hapa fani na maudhui ni kitu kimoja: ujumbe hauwezi kumfikia ila mtu aliyekwisha kutenda kosa linalokemewa. Hiki ni kijembe ambacho mtunzi wa mafumbo wa Mombasa au Lamu angekitambua mara moja na kukicheka.

Mwaka 1986 Volz aliondoka, na mahali pake pakachukuliwa na John Schlitt, aliyewahi kuimba katika bendi ya Head East. Sauti ikawa kali, na taswira za vita zikatawala, hasa katika This Means War! (1987). Msomaji wa tenzi hawezi kushtuka akiona imani ikisimuliwa kwa upanga. Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728 wafanya hivyo. Lakini katika Tambuka adui ana jina, ana mji, ana farasi, na anaruhusiwa kusema. Vita vya Petra vina kishindo cha medani bila medani yenyewe. Naona kwamba hapa gitaa lilifanya kazi ambayo maneno yalishindwa kuifanya, na huo ndio udhaifu ambao mtetezi wa nadharia ya chombo hana njia ya kuuona.

Heshima hata hivyo zilikuja baada ya hapo. Beyond Belief (1990) ilipata tuzo ya Grammy, ya kwanza kati ya nne walizotunukiwa, na mwaka 2000 Petra wakaingizwa katika jumba la mashujaa wa muziki wa injili la Marekani. Lakini ngozi ilikwisha kuanza kuvutwa upande mwingine. Mwaka 1989 walikuwa wametoa Petra Praise: The Rock Cries Out, santuri ya nyimbo za kusifu za kuimbwa na mkutano mzima, wakatoa ya pili ya namna hiyo mwaka 1997. Soko la Kikristo lilikuwa likielekea huko: kutoka kwa bendi ihojiayo kwenda kwa bendi iongozayo ibada. Jekyll & Hyde ya mwaka 2003 ilirudia kishindo cha zamani, na miaka miwili baadaye wakastaafu. Mwaka 2010 baadhi yao walipokutana tena, santuri waliyoitoa iliitwa Back to the Rock, “Kuurudia Mwamba”. Mchezo wa maneno ulikuwa ungali mdomoni.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Petra hawakushindwa na wahubiri waliowalaani. Upinzani ule uliwanoa, na pale walipoujibu kwa ufundi ndipo walipotunga kazi zao za kudumu. Kilichowapunguza ni kukubaliwa. Walipokwisha kupewa nafasi kanisani, hapakuwa na haja tena ya kuishughulisha sauti na neno katika hoja moja, na nyimbo zikabaki kuwa nzuri, zenye manufaa kwa waimbaji wake, zisizomsumbua mtu. Mtunzi wa Kiswahili anayetia gitaa katika wimbo wa dini, au anayelikataa, hana budi kuacha kuuliza kama chombo ni halali. Na ajiulize chombo hicho kinayafanyia nini maneno yake, na mkono wa nani unaivuta ngozi.