Maziwa ya Ndama na Ngozi ya Punda

Msomaji, ukiulizwa darasani kitabu cha Shamba la Wanyama chahusu nini, jibu lako naweza kulibashiri kabla hujafumbua kinywa. Utasema chahusu mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917. Kwamba nguruwe Napoleon ni Stalin, mwenzake Snowball ni Trotsky, na farasi Boxer ni mfanyakazi mwaminifu. Nami kwa miaka kadhaa nimelitia jibu hilo alama ya vyema. Si jibu la uongo, maana George Orwell mwenyewe alikusudia hivyo. Lakini jibu hilo laacha jambo moja kubwa nje ya mlango, nalo ni wanyama wenyewe. Twawachukua kama barakoa za watu, na tukiisha kuzivua barakoa tunazitupa.

Kitabu hiki kilitoka Uingereza mwezi wa Agosti 1945, na tafsiri ya Kiswahili ya Fortunatus Kawegere ikachapishwa Nairobi mwaka 1967. Katika dibaji aliyowaandikia wasomaji wa Ukraine mwaka 1947, Orwell alieleza fikira hiyo ilikomjia. Alimwona mtoto apataye miaka kumi akimwendesha farasi wa mkokoteni katika njia nyembamba, akimchapa kila alipojaribu kugeuka. Ikampitikia kwamba wanyama wa namna ile wangalijua nguvu zao, sisi tusingalikuwa na uwezo juu yao. Basi angalia mpangilio wa mambo: fimbo ilitangulia, siasa ikafuata. Ambaye hajapata kumhurumia farasi yule hawezi kukisoma kitabu hiki sawasawa, hata akiwa na habari zote za Stalin kichwani.

Mtoto yule twamjua. Ukisimama asubuhi kando ya njia huku kwetu Bomet, utamwona akishuka na punda aliyefungwa mitungi ya maji, au mikebe ya maziwa, au magunia ya majani chai yanayopelekwa kwenye kituo cha kununulia. Mtoto si mwovu. Amechelewa shule, na punda hana haraka. Sheria ya nchi yakataza kumpiga mnyama kikatili na kumtwika kupita kiasi, wala si sheria ya jana; imekuwapo tangu miaka ya 1960. Lakini sheria haipiti njia ya matope saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa twende kwenye maziwa. Katika sura ya kwanza nguruwe mzee, Major, awageukia ng'ombe na kuwauliza maziwa yao yamekwenda wapi. Yalipasa kuwalea ndama wakawa na nguvu, na badala yake yameshuka kooni mwa adui. Maneno makali hayo. Sura ya pili, Bwana Jones amekwisha fukuzwa, ng'ombe wanakamuliwa, na ndoo tano za maziwa yenye povu zimewekwa mbele ya wanyama wote. Kuku mmoja akumbusha kwamba zamani walichanganyiwa kidogo katika chakula chao. Napoleon awaambia wasijishughulishe na maziwa. Jioni hayapo.

Walimu wote tunafundisha kwamba hapo ndipo dhuluma ilipoanza, kwa kuwa nguruwe waliiba mali ya wote. Ni kweli. Lakini mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, ambaye nyumbani kwao huishi kwa ng'ombe wawili, aliniuliza swali ambalo sikuwa nalo katika maandalio yangu: "Mwalimu, na ndama je?" Nikafungua kitabu mbele ya darasa, nikatafuta. Hakuna aliyewataja. Major aliyewatetea ameshakufa siku si nyingi, na tayari shauri ni kugawana maziwa, wala si tena maziwa ni ya nani. Je, mwandishi alifanya hivyo kwa makusudi? Mimi nadhani hakufanya. Yaelekea Orwell mwenyewe aliwasahau. Alifuga mbuzi wa maziwa kijijini Wallington, na katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu wachimba makaa aliwafanyia mzaha watu wasiokula nyama. Moyo wake ulifika kwenye fimbo, haukufika kwenye ndoo.

Yuko aliyefika. Mwezi wa Novemba 1944, katika nchi ile ile, mwalimu wa useremala jina lake Donald Watson pamoja na wenzake wachache walianzisha chama cha watu wasiokula nyama, wala maziwa, wala mayai, wala kitu chochote kitokacho kwa mnyama. Hoja yao ilikuwa ile ile ya Major. Huku kwetu hoja hiyo huchekwa. Utamwambiaje Mkipsigis aache mursik? Maziwa yaliyolala katika kibuyu kilichopakwa mkaa ndiyo tunayompa mgeni na ndiyo tunayompokelea mkimbiaji anaporudi na medali. Tena mjane mwenye ng'ombe mmoja hamdhulumu mtu. Ng'ombe ana jina, na akiugua nyumba nzima hailali. Nakubali. Hata hivyo ndama dume wa ng'ombe wa kigeni, asiyetoa maziwa wala kutakiwa kulima, sisi tunajua huenda wapi, na hatusemi. Wala usidhani utajiokoa kwa kunywa chai ya rangi. Majani yake huenda yaliletwa kituoni juu ya mgongo wa punda.

Nimefika kwa punda. Orwell alimpa punda wake jina la Benjamin, akamfanya mnyama mwenye kujua kusoma lakini asiyetaka kusoma, kwa kuwa aliona hakuna lililostahili kusomwa. Alikuwa akijivuna kwamba punda huishi sana, na wenzake hawajapata kumwona punda aliyekufa. Siku moja alisoma kwa sauti. Boxer amevunjika nguvu kwa kazi, nguruwe wamesema anapelekwa hospitali, na wanyama wanamuaga. Benjamin aja mbio, asoma maandishi ubavuni mwa gari: ni gari la mchinja farasi, mchemsha gundi, mfanya biashara wa ngozi. Boxer harudi, na kwa fedha ya bei yake nguruwe wananunua pombe.

Nilikuwa nikidhani mchemsha gundi yule ni chumvi ya mwandishi tu. Lakini tangu mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa hapa Kenya, likiwamo lile la Mogotio katika Baringo, na ngozi zikasafirishwa hadi China kuchemshwa zikatolewa gundi ya kufanyia dawa. Punda wakaanza kuibwa usiku, wenyewe wakakuta mizoga iliyochunwa. Serikali ikapiga marufuku mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaitangua amri hiyo mwaka 2021, na mwezi wa Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaazimia kuikomesha biashara ya ngozi za punda barani kote kwa miaka kumi na mitano. Majivuno ya Benjamin yamekwisha. Punda aliyekufa tumemwona.

Wahenga walisema fadhila za punda ni mateke. Methali hiyo twaifundisha kila mwaka bila kuuliza ni nani aliyeitunga, punda au mwenye punda. Ukirudi katika sura ya tisa, mtazame Boxer ndani ya gari lile akipiga mateke ubao ili atoke. Zamani mateke machache yangaliuvunja vipande vipande. Sasa sauti ya kwato zake yapungua, yapungua, mpaka haisikiki tena, na aliyekuwa akimshika lijamu hayumo miongoni mwa wanaomfuata gari wakilia.