Neni Hakuharibiwa na Marekani

Tulipojadili riwaya ya Imbolo Mbue, Behold the Dreamers (2016), katika semina yetu, wanafunzi wengi wa kiume, na si wao pekee, walimhukumu Neni Jonga mapema mno. Walisema ni mke aliyeharibiwa na Marekani. Siku hiyo nilinyamaza. Makala haya ni jibu langu lililochelewa.

Kwa wasioisoma: Jende Jonga, mzaliwa wa Limbe, Kamerun, anaingia New York kwa viza ya mgeni na kubaki. Neni anamfuata na mtoto wao Liomi kwa viza ya mwanafunzi, akitaka kuwa mfamasia. Wanapanga Harlem. Jende anapata kazi ya udereva kwa Clark Edwards, kigogo wa benki ya Lehman Brothers, na kwa muda mambo yananyooka. Septemba 2008 benki inafilisika, na mtikisiko huo unafika hadi jikoni kwa dereva.

Hapo ndipo Neni anapomtisha Cindy, mke wa Clark, kwa picha ya aibu na kuondoka na dola 10,000. Ni kosa, wala silipaki rangi. Lakini Jende naye anaishi juu ya uongo. Ombi lake la hifadhi ya ukimbizi limejengwa juu ya hadithi aliyoipika na wakili wake, Bubakar, kwamba baba wa Neni angemuua akirudi nyumbani. Uongo wa mume tuliuita kuhangaikia maisha. Hila ya mke tukaiita kuharibika. Huo si uhakiki, ni kikao cha wazee wa upande wa mume.

Tena wanaodai Marekani ilimbadili Neni wanasahau Limbe. Huko baba yake alimkatalia kuolewa na Jende kwa sababu kijana hana kitu, na miaka yake ikapita nyumbani kwa wazazi akingoja wengine waamue. Hamu ya kujiamulia hakuiokota Harlem. Alitoka nayo kwao. Alichopata New York ni darasa, usiku wa kusoma baada ya kazi, na rafiki kama Fatou, msusi kutoka Gambia. Nina mama mdogo aliyeondoka kambi ya Nakivale, hapa Uganda, kwenda Texas. Alipofungua akaunti yake mwenyewe ya benki, mumewe aliwapigia simu wazee kulalamika kwamba mke amegeuka Mmarekani. Mama yangu alicheka tu. Alisema mdogo wake alikuwa hivyo tangu darasa la nne.

Penye ugumu kweli ni pale Neni anapofikiria kumtoa Liomi alelewe na mwalimu wake wa chuo ili mtoto apate kubaki. Sura hiyo niliisoma mara mbili na bado siwezi kumtetea kikamilifu. Hata hivyo, naona Mbue anatuonyesha sheria inavyoingia chumbani: karatasi za kukaa zinapokuwa za mmoja au za kubahatisha, mzazi huanza kupima hata mwanawe kwa kipimo cha karatasi. Jende anapoamua warudi, Neni anapinga, naye Jende anampiga. Kwenye semina tulizungumza kwa saa mbili. Hakuna aliyetaja kipigo hicho.

Kama riwaya ina upungufu, mimi nauona Harlem kwenyewe. Tangu sheria ya 1965 ilipoondoa mgao wa wahamiaji kwa nchi walizotoka, na ile ya 1990 ilipoanzisha bahati nasibu ya viza, Waafrika wameongezeka sana Marekani. Mtaa wa 116 una maduka, migahawa na saluni za Waafrika wa Magharibi, hata watu wakapaita Senegali Ndogo. Wahamiaji hao waliubadilisha mtaa ambao Wamarekani Weusi walikuwa wameujenga kabla yao. Je, majirani hao waliwapokeaje? Walibishana nini kuhusu kodi za nyumba, dini, malezi? Mbue anapita haraka. Anayo macho makali kwa nyumba ya tajiri wa Manhattan kuliko kwa ngazi za jengo analokaa Neni, kwa hiyo tunaona Marekani inavyomfinyanga mhamiaji, lakini si mhamiaji anavyoifinyanga Marekani. Fatou peke yake, aliyekaa huko miaka mingi na kulea watoto huko, angetosha kubeba nusu ya riwaya.

Mwishoni Jende anarudi Limbe na dola zinazotosha kumfanya mtu mzito mjini. Neni anarudi bila shahada. Mwandishi anatuachia familia ikiwa inafika, na wasomaji wengi hufunga kitabu wakipumua, kwamba wamerudi salama. Mimi nilibaki nikijiuliza Neni ataamka kesho yake aende wapi, na vitabu vyake vya famasia aliviacha kwa nani.