Kadi iko Nateete, pesa zinatoka kwingine

Kwenye vibanda vya mobile money vya Nateete hapa Uganda, kando ya barabara ya Masaka, pesa bado hutumwa kwa kubonyeza *165# na kuingiza PIN. Lakini kadi za benki zenye alama ya vimawimbi vinne zimeshaingia mifukoni, na hofu ninayoisikia zaidi ni moja: je, jirani aliyebanana nami kwenye taksi anaweza kunivutia pesa kwa simu yake?

Hofu hiyo imelenga mahali pasipo hatari kubwa. NFC, teknolojia ya kadi hizo, hutumia masafa ya megahezi 13.56, na kwa kawaida hufika sentimita 4 hivi. Kadi haina betri. Koili ya simu au ya mashine ya malipo hutengeneza uga wa sumaku, koili ya kadi huuvuna umeme humo, na chipu huamka. Hujibu kwa kubadilisha kiasi cha umeme inachovuta, na mashine huhisi mabadiliko hayo. Jaribu: weka kadi mgongoni mwa simu, NFC ikiwa imewashwa, isogeze polepole kuelekea kamera. Mara nyingi hapo ndipo simu itakapotetemeka.

Kwa kila malipo, chipu hutoa msimbo mpya unaofaa mara moja tu. Simu inayolipia huongeza ulinzi: haitoi namba halisi ya kadi bali namba mbadala, na kwa kawaida hudai alama ya kidole au uso. Anayenasa mazungumzo hayo hewani hapati msimbo wa kutumia kesho.

Sasa tazama walivyofanya wezi wa Czech, kama kampuni ya usalama ya ESET ilivyoeleza Agosti 2024. Mteja alipata ujumbe kuhusu kurudishiwa kodi, akafungua kiungo, akasakinisha programu bandia ya benki. Kisha akapigiwa simu na mtu aliyejifanya wa benki: akaunti yako imevamiwa, badilisha PIN haraka. Programu iliyofuata, NGate, ilimwomba PIN, ikamtaka awashe NFC na kuilaza kadi mgongoni mwa simu.

Hapo ndipo ufundi ulipo. NGate haikuvunja msimbo wowote. Ilichukua majibu ya kadi na kuyapitisha kwa intaneti hadi simu ya mwizi aliyesimama mbele ya ATM, simu hiyo ikajifanya ndiyo kadi. ATM iliuliza, kadi ikajibu kutoka mbali, kwa msimbo halali kabisa. Sentimita 4 zikawa hazina maana, kwa sababu mwenye kadi mwenyewe ndiye aliyezipunguza. Polisi walimkamata kijana mmoja Prague Machi 2024 akitoa pesa.

Uganda tunaujua mwanzo wa hadithi hii vizuri: ile simu ya “nimekutumia pesa kimakosa.” Kinachobadilika ni kwamba sasa mpigaji anaweza kukutaka uilaze kadi mgongoni mwa simu. Hakuna benki inayohitaji hilo ili kubadilisha PIN. Kata simu, upige wewe namba iliyoandikwa nyuma ya kadi. Programu zitoke Play Store, zisitoke kwenye kiungo cha SMS. Kama hulipi kwa simu, zima NFC kwenye mipangilio. Na ukishailaza kadi na kutoa PIN, usingoje kesho: pigia benki simu waifunge kadi saa hiyo hiyo.