Sifa ya Mikono Inayoandaa Sikukuu

Marehemu wetu tunawakumbuka kwa njia nyingi. Mjukuu hupewa jina la babu, kaburi hujengewa msalaba, hitima husomwa, picha hutiwa fremu na kutundikwa sebuleni. Iko njia nyingine ambayo ni nadra kutajwa panapozungumzwa habari za kumbukumbu, nayo ni kazi ya kuandaa sikukuu: kuchambua, kutwanga, kupepeta, kukanda, kuonja, kupanga nani akae wapi na nani apakuliwe kwanza. Nasema huu ni ufundi kamili, wenye walimu, wanafunzi na viwango vyake, na tena ndio ufundi unaowatunza marehemu vizuri kuliko mnara au hotuba. Hotuba hueleza marehemu alikuwa nani. Anayeandaa mlo kama alivyofundishwa na marehemu huubeba ujuzi wenyewe mikononi mwake, na ujuzi ndiyo sehemu ya mtu inayoweza kuishi ndani ya mtu mwingine.

Wayahudi wamelifikiria jambo hili kwa karne nyingi. Ukizitazama taratibu zao za msiba utakuta mambo mawili yanayoonekana kupingana. La kwanza, sikukuu hukatisha matanga. Familia iliyozika hukaa msibani siku 7, lakini sikukuu kubwa ikiingia kabla siku hizo hazijatimia, matanga huishia hapo. Furaha ya jamii nzima hutangulizwa mbele ya huzuni ya nyumba moja. La pili, sala ya kuwaombea waliokufa, iitwayo Yizkori, imewekwa ndani ya siku kuu zenyewe: Siku ya Upatanisho, mwisho wa sikukuu ya Vibanda, siku ya mwisho ya Pasaka, na sikukuu ya Majuma. Kwa hiyo huzuni hainyimwi nafasi. Hupangiwa saa yake katikati ya furaha. Hata Kadishi, sala ambayo mtoto humsomea mzazi wake kwa miezi 11, haina neno linalotaja kifo. Ni sifa kwa Mungu tangu mwanzo hadi mwisho, na haisomwi mpaka watu wazima 10 wakusanyike. Sheria hiyo inamlazimisha aliyefiwa atoke chumbani, aende walipo wenzake.

Lakini sala huchukua dakika chache, na kinachozijaza siku zenyewe ni jiko. Kabla ya Pasaka nyumba nzima husafishwa ili isibaki hata chembe ya chachu, na usiku wa kuamkia mkesha watu huzunguka na mshumaa wakikagua pembe na rafu. Mkate usiotiwa chachu una kanuni yake: tangu maji yaguse unga hadi mkate uingie tanuri zisipite dakika 18, la sivyo unga huhesabiwa kuwa umeanza kuumuka. Kanuni hiyo unaweza kuisoma kwa nusu dakika, lakini kuitimiza ni shughuli nyingine. Unahitaji kuwa umesimama kando ya mtu anayejua unga ukandwe kwa ukali gani na usukumwe kwa wembamba gani. Na jioni, chakula kikiwa mezani, mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza kwa nini usiku huu ni tofauti na mingine. Mlo umepangwa hivyo makusudi: vyakula vimchokoze mtoto aulize, na swali lake liwalazimishe wakubwa wasimulie waliyoyapokea kwa waliotangulia.

Ushahidi wa nguvu ya ufundi huu tunao karibu, katika vilima vya Mbale, mashariki mwa Uganda. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda aliyekuwa akiisoma Biblia kwa makini, alitahiriwa pamoja na wanawe akaanzisha jumuiya inayoitwa leo Abayudaya. Hawakuwa na rabi. Mwaka uliofuata mgeni Myahudi aitwaye Yosef alikaa nao miezi kadhaa akawafundisha kalenda, sikukuu na sheria za vyakula, kisha akaondoka, nao wakabaki na kile walichokishika. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, walio wengi waliiacha, na wachache waliosalia wakaishika kwa siri majumbani. Amri ilifunga sinagogi, lakini haikuwa na namna ya kukagua kila jungu. Utawala wa Amin ulianguka tarehe 11 Aprili 1979, Kampala ilipotekwa vitani na jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda, na jioni ya siku hiyohiyo Pasaka ya Kiyahudi ikaingia. Askari wetu waliokufa katika vita vile, baadhi yao wakiwa wamezikwa Kaboya mkoani Kagera, wana sehemu yao katika uhuru wa meza ile ya Pasaka, ingawa huenda wengi hawakuwahi kulisikia jina la Abayudaya. Kwenye meza hiyo huwekwa haroseti, rojo tamu linalokumbusha udongo wa matofali waliyofyatua Waisraeli utumwani Misri. Wayahudi wa Ulaya hulitengeneza kwa matofaa na jozi. Abayudaya wametia karanga na ndizi. Kumbukumbu ya zamani mno imeingia jikoni mwa Afrika Mashariki ikakubali mazao ya hapa bila kupoteza shabaha yake.

Haneti, kata ya wilaya ya Chamwino kaskazini mwa jiji la Dodoma, haina sinagogi, wala halihitajiki ili hoja hii isimame. Watu wa mbali huijua Haneti kwa mawe yake ya kijani ya krisoprezi. Mimi naitaja kwa mlenda. Nyanda hizi zina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na mboga ya mwaka mzima hutegemea kilichochumwa na kukaushwa katika miezi hiyo michache. Majani huanikwa, hutwangwa, huchekechwa, na unga wake hutunzwa kwa ajili ya kiangazi. Siku ya kupika, maji huchemshwa na kutiwa magadi kidogo, unga hunyunyizwa kwa mkono mmoja huku mwingine ukizungusha upekecho, kisha hufuata karanga zilizotwangwa. Magadi yakipungua, mlenda hukosa ule mvutano wake. Yakizidi, ladha ya sabuni huliharibu jungu zima. Kipimo ni ncha za vidole vitatu, na hujifunzwa kwa kutazama, kujaribu na kukosolewa. Ndiyo maana mpishi bora wa mlenda hajajifundisha peke yake. Wageni waliotoka Dar es Salaam kwa ajili ya Krismasi wakimega tonge la ugali wa uwele, wakachovya na kusema mlenda huu ni wa bibi yuleyule, wametoa hukumu ya kifundi na kumkumbuka marehemu kwa kauli moja.

Yupo atakayesema kwamba siku hizi simu imetupunguzia kazi: sura ya bibi imo, sauti yake imo, hata video yake akisonga ugali imo. Siidharau video hiyo, na mwenye nayo aitunze. Lakini picha hutuonyesha bibi akijua, wala haitufanyi sisi tujue. Atakayeitazama mara mia bila kushika mwiko atabaki mtazamaji. Tena picha hutafutwa mtu akitaka, ilhali sikukuu huja yenyewe kila mwaka na kudai kazi ifanywe, uwe umemkumbuka marehemu au umemsahau. Ratiba hiyo isiyongoja hisia zetu ndiyo inayouokoa ukumbusho na usahaulifu.

Pingamizi zito zaidi ni la wanawake. Kuusifu ufundi wa jikoni ni rahisi kwa anayekaa mkekani akingoja kupakuliwa. Kinamama wa Haneti hutafuta kuni, huteka maji, hutwanga na kupika, na mara nyingi hula wa mwisho. Pingamizi hili ni la haki, na silijibu kwa kuwaongezea sifa tu. Ikiwa kazi hii ndiyo inayobeba waliotangulia, basi kumwachia mtu mmoja ni dhuluma kwake na ni hatari kwa familia, kwa kuwa akifariki au akichoka kumbukumbu yote huenda naye. Wavulana wafundishwe kutwanga na kupima magadi kama wanavyofundishwa kuchunga. Sheria ya Pasaka haiulizi jinsia: chachu iondolewe katika nyumba nzima, na kila aliyemo ana wajibu.

Wengine watahofu kwamba kuwataja marehemu kwenye chakula ni kurudi kwenye matambiko yanayokatazwa na dini zao. Hofu yao naiheshimu, lakini kati ya kuwatolea wafu sadaka na kupika kama walivyotufundisha kuna umbali mkubwa. Wayahudi, ambao imani yao katika Mungu mmoja haina mzaha, hawakuona kosa kuwakumbuka wazazi wao siku ya sikukuu. Mkristo na Mwislamu wa Haneti wanaweza kumshukuru Mungu kwa mwalimu aliyewapa, na kuonyesha shukrani hiyo kwa kuifanya vyema kazi aliyowaachia.

Itasemwa pia kwamba vyakula vinabadilika: pilau imeusukuma mlenda pembeni siku za sikukuu, na mashine inasaga bila kinu. Ni kweli, wala si msiba. Karanga za Abayudaya zimeonyesha kwamba chakula kinaweza kubadilika na ufundi ukabaki. Kinachoua ufundi ni kukata mnyororo wa mkono kwa mkono, pale chakula kinaponunuliwa kikiwa tayari na hakuna mtu mezani anayeweza kusema alifundishwa na nani. Hata pilau ina mwalimu, ikiwa aliyeipika aliambiwa na mtu vitunguu viachwe hadi rangi gani.

Kwa hiyo ombi langu kwa familia za Haneti, na popote pengine sikukuu inapoandaliwa, ni la vitendo. Wazee wangali hai. Sikukuu ijayo, kila kazi ya jikoni ipewe watu wawili, mmoja anayeijua na mmoja asiyeijua, na yule asiyejua ndiye ashike mwiko. Kazi itachelewa, na pengine jungu la kwanza litaharibika. Hasara hiyo ni ndogo kuliko kuzika mtu pamoja na yote aliyoyajua, kisha kusimama makaburini tukiahidi kumkumbuka bila kuwa na chochote cha kumkumbukia.