Kitabu cha Watu Wote na Haki ya Kila Upande

Kijana wa Kalenga au wa Ilula akitaka kujua habari za mtu mashuhuri, siku hizi haanzi kwa babu yake wala kwa kabati la vitabu vya shule. Hufungua simu yake, na mara nyingi jibu la kwanza alipatalo limetoka katika Wikipedia, ile kamusi elezo iliyomo katika intaneti. Kwa kuwa maisha ya wakubwa wetu, waliokufa na walio hai, yasomwa humo na watu wa mataifa yote, yatupasa sisi walimu na wasomaji kuipima kazi hiyo kama tupimavyo kitabu kingine chochote: tuutaje wema wake, na kasoro yake tusiifiche.

Kitabu hiki hakina mwandishi mmoja. Kilianzishwa kwa Kiingereza mwezi wa Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger wa Marekani, na kile cha Kiswahili kikafuata mwaka 2003. Mtu yeyote aweza kuandika ndani yake, na mtu yeyote aweza kufuta aliyoyaandika mwenzake. Msomaji atauliza, Je, kitu cha namna hii chawezaje kusimama? Chasimama kwa sheria chache. Ya kwanza, mwandishi asipendelee upande. Ya pili, kila neno liwezalo kubishaniwa liwe na ushahidi uliokwisha kuchapwa mahali pa kuaminika. Ya tatu, mtu asilete humo uvumbuzi wake mwenyewe. Tena kila badiliko lahifadhiwa pamoja na siku yake na saa yake, na kila ukurasa una mwenzake wa majadiliano, ambako wanaobishana hutakiwa kuelezana sababu zao. Ni kama baraza la kijiji ambalo karani wake halali.

Ubishi hutokea sana katika habari za maisha ya watu, na sababu yake si ngumu kuiona. Mtu ana watoto, ana wafuasi, ana adui. Ampendaye ataka asifiwe. Amchukiaye ataka aumbuliwe. Na wote wawili huja na neno lile lile mdomoni, kwamba wataka haki ya kila upande. Hapo ndipo wengi waikoseapo maana ya usawa. Wadhani kuwa usawa ni kugawa ukurasa nusu kwa nusu, kama ndugu wawili wagawavyo shamba la baba yao. Sivyo. Mwamuzi mwema husikiliza pande zote mbili, lakini halazimiki kuamua kwamba kila upande umesema nusu ya kweli. Huutazama ushahidi, kisha humpa kila mmoja uzito unaomstahili.

Na tutwae mfano tunaoukumbuka. Mwaka 2011 Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, aliwanywesha maelfu ya watu dawa ya mizizi katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500 kikombe kimoja. Alisema kwamba Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto, na kwamba yaponya maradhi sugu, hata UKIMWI. Magari yalipangana kwa kilomita nyingi. Wakubwa walikwenda, maskini nao walikwenda. Wapo waliofia safarini, na wapo walioziacha dawa za hospitali. Mzee huyo alifariki mwaka 2021.

Basi, mwandishi wa maisha yake afanyeje? Mmoja atasema, “Andika kwamba aliponya, maana mashahidi ni wengi.” Mwingine atasema, “Andika kwamba alikuwa mdanganyifu.” Sheria ya usawa yawakataa wote wawili. Aliyoyasema mzee yaandikwe kuwa ni yeye aliyeyasema. Wingi wa watu waliokwenda uandikwe, maana ni jambo lililoonekana. Lakini iandikwe pia waziwazi kwamba uthibitisho wa kitabibu kuwa kikombe kile huponya UKIMWI haukupatikana. Kama moyoni mwake aliamini au hakuamini, hilo si la mwandishi kulihukumu pasipo ushahidi.

Wahenga wetu walisema, Wengi wape. Ni neno jema barazani, mahali pa kuamua njia ipite wapi au soko lijengwe wapi. Dawa haiponyi kwa sababu foleni yake ni ndefu. Wala jambo hili si mchezo wa wasomi. Asomaye ukurasa huo huenda ana mgonjwa nyumbani, na akidanganywa hapo, mgonjwa wake ataviacha vidonge vyake. Kwa hiyo naisifu sheria hii: mawazo yasiyo na ushahidi haiyafuti kana kwamba hayakuwapo, bali huyaweka pembeni, ndipo mahali pake.

Lakini sheria njema pasipo walinzi ni boma lisilo na mlango. Mwezi wa Mei 2005 mtu mmoja aliandika katika Wikipedia ya Kiingereza kwamba mwandishi wa habari John Seigenthaler, wa Marekani, alipata kushukiwa katika mauaji ya Rais Kennedy. Ulikuwa uongo mtupu, ulioandikwa kwa mzaha. Hata hivyo ulikaa kama miezi minne bila kuondolewa. Mwenyewe alipolalamika hadharani, mambo yakabadilika: wasiojiandikisha wakazuiwa kuanzisha kurasa mpya katika Kiingereza, na baadaye ikawekwa sheria kali zaidi kwa habari za watu walio hai. Ikiwa jambo hilo liliwezekana katika Kiingereza, penye walinzi wengi, yatupasa kuwa macho zaidi katika Kiswahili, penye waandishi wachache.

Sasa nakuja kwenye kasoro iliyo kubwa kuliko hiyo, nayo yatugusa sisi wa Iringa.

Mkwavinyika, tumwitaye Mkwawa, aliwashinda Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wao, Emil von Zelewski, akauawa. Kalenga ilianguka mwezi wa Oktoba 1894. Tangu hapo Mkwawa alipigana akiwa porini, hata Julai 1898, alipojiua asije akashikwa. Kichwa chake kikakatwa. Baada ya vita vile vikuu, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu chake cha 246, uliwaamuru Wajerumani walitoe fuvu lake. Ndipo mwaka 1954 Gavana Edward Twining alipolileta Kalenga fuvu alilolichagua katika jumba la makumbusho la mji wa Bremen, akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Je, fuvu lile ni lake kweli? Gavana alilichagua miongoni mwa mengi kwa vipimo vilivyolinganishwa na vipimo vya jamaa wa Mkwawa. Wapo wanahistoria waonao kwamba vipimo hivyo havitoshi kuthibitisha. Na wapo Wahehe wengi waliolipokea fuvu lile kuwa ndilo, wakaliheshimu. Ubishi huu si wa namna ya ule wa kikombe. Hapa wenye shaka wana hoja, na wasio na shaka nao wana hoja. Mwandishi wa haki ataeleza fuvu lilichaguliwaje, na nani, na kwa vipimo gani. Kisha atawaacha wasomaji wapime. Akimwita mwenye shaka adui wa Wahehe, amepotoka. Akimwita mwenye imani mjinga, amepotoka vilevile.

Lakini tazama mashahidi waliochapwa ni akina nani. Tom von Prince, aliyepigana na Mkwawa, ana kitabu chake cha mwaka 1914. Mkewe, Magdalene von Prince, ana chake cha mwaka 1903. Waliokuwa na mitambo ya kuchapia ni wale waliomwinda; wazee wa Kalenga walikuwa na midomo yao tu. Kwa hiyo sheria ya ushahidi uliochapwa yamkubali yule aliyemfuata Mkwawa kwa bunduki, na yamkataa mjukuu wa yule aliyemchotea maji. Mwalimu wa Iringa akiandika leo, “Babu yangu alisimulia hivi,” atafutiwa, naye amfutaye atakuwa ameishika sheria. Ua lile lile linalomzuia fisi limemwacha ndama nje.

Wengine watasema, Basi tulivunje ua. Mimi sikubali. Tukiyapokea masimulizi yote bila kuuliza yametoka kwa nani, tutakuwa tumewafungulia mlango wenye kuuza dawa za uongo, na wenye kujitungia ukoo, na wenye kusingizia watu. Dawa ni nyingine, nayo i mikononi mwetu.

Kwanza, shahidi aliyechapwa naye aulizwe alisimama wapi. Haitoshi kuandika kwamba Mkwawa alikuwa mkatili au mjanja, kana kwamba jambo hilo limeshuka lenyewe. Yapasa kuandika, “Asema Prince, aliyekuwa amiri wa upande wa pili.” Hilo halihitaji sheria mpya, ndiyo maana ya usawa yenyewe, na kila mwenye kujua kusoma na kuandika aweza kulidai katika ukurasa wa majadiliano, kwa upole na kwa sababu.

Pili, neno la mzee lifanywe ushahidi. Mwalimu na aende kwake na daftari. Aandike jina la mzee kwa idhini yake, na jina la aliyemsimulia, na mahali, na siku. Kisha aende kwa mzee wa nyumba nyingine, amwulize neno lile lile bila kumtajia aliyoyasema wa kwanza. Wakipatana, aandike kwamba wamepatana. Wakitofautiana, ayaandike yote mawili, asichague lile limpendezalo. Halafu ayapeleke kwa mhariri, yachapwe kwa jina lake, ili asomaye ajue wa kumwuliza. Likiisha kuchapwa hivyo, neno la Kalenga litaweza kutajwa kando ya neno la Prince, na watu wa mbali watayapima yote mawili.

Waliozisikia habari hizo kwa watu waliokuwapo wamekwisha kutangulia karibu wote, na watoto wao ni wazee sasa. Kila shule ya wilaya yetu ina mwalimu awezaye kuanza kazi hii msimu huu, mara baada ya mavuno, wakati watu wana nafasi ya kukaa na kusimulia.