Gari la Kuvuta Boti Hupimwa Mteremkoni

Anayetafuta gari la kuvutia boti ya mapumziko huanza karibu kila mara na swali la injini: ina nguvu za farasi ngapi, ina silinda ngapi? Muuzaji naye hufurahi kulijibu, maana ndilo swali lenye jibu la kupendeza. Hoja yangu ni kwamba swali hilo lije mwisho. Kwenye lami tambarare, gari likishashika mwendo, hata injini ya kawaida hukokota mzigo mkubwa bila malalamiko. Gari linalofaa hujulikana pale linapoteremka mlima mrefu huku trela likilisukuma kwa nyuma, na pale linapolazimika kuitoa boti majini juu ya zege lililoota ukoga. Safari ya kutoka Nairobi hadi Ziwa Naivasha inalithibitisha jambo hili vizuri, kwa sababu ndani ya mwendo usiozidi sana kilomita 100 kuna hewa nyepesi ya mita 2,000 na zaidi juu ya bahari, kuna ukingo wa Bonde la Ufa, na mwishoni kuna maji.

Kabla ya gari, tuanze na boti yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Boti ya faibaglasi yenye urefu wa mita 6 hutajwa na mtengenezaji kwa uzito wake mkavu, tuseme kilo 1,100. Mnunuzi huishika namba hiyo na kwenda nayo sokoni kutafuta gari. Lakini mashine ya boti ya nguvu za farasi 150 ina kilo 220 hivi. Lita 150 za petroli ni kilo 110. Trela la chuma la ekseli mbili halipungui sana kilo 450. Nanga na mnyororo wake, betri, majaketi ya kuokolea, kamba, vifaa vya uvuvi na sanduku la barafu vikifika kilo 150, mzigo wote umefika kilo 2,030. Yaani gari litavuta karibu mara mbili ya kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya boti. Ongeza gari lenyewe, Toyota Prado la kilo 2,300 lenye watu na mizigo ya kilo 400, na msafara mzima unapita kilo 4,700. Namba hii ya mwisho ndiyo inayoelekea mlimani, na ndiyo itakayotuongoza.

Watengenezaji hutaja uzito ambao gari linaruhusiwa kuvuta, na wengi huuchukua uzito huo kama ahadi isiyo na masharti. Masharti yapo. Chukua Ford Ranger ya milango minne yenye dizeli ya lita 3.2, ya kizazi kilichoanza 2011. Nchini Australia iliruhusiwa kuvuta kilo 3,500, na yenyewe pamoja na mzigo wake iliruhusiwa kufika kilo 3,200. Mtu akijumlisha atapata kilo 6,700. Hata hivyo kikomo cha gari na trela kwa pamoja kilikuwa kilo 6,000. Anayevuta kilo 3,500 kamili basi amebakiwa na kilo 2,500 za gari, na gari tupu tayari lina takriban 2,200. Familia ya watu watano na mafuta kwenye tangi inatosha kummaliza. Huko Marekani, kipimo cha chama cha wahandisi wa magari, SAE J2807, ambacho Toyota ilikuwa ya kwanza kukitumia kwa magari yake ya mwaka 2011, huhesabu dereva na abiria mmoja tu, kila mmoja kilo 68. Hivyo uzito wa kuvuta unaosomwa kwenye tangazo ni wa gari ambalo watoto wameachwa nyumbani.

Kipimo hicho kinastahili kuangaliwa kwa makini, maana kinaonyesha wahandisi wenyewe wanaogopa nini. Gari na trela hupandishwa mlima wa Davis Dam huko Arizona, kilomita 18 hivi za kupanda, joto likiwa nyuzi 38 na kiyoyozi kikifanya kazi kwa nguvu zote, na mwendo hauruhusiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Halafu gari husimamishwa kwenye mwinuko wa asilimia 12 na kutakiwa kuondoka mara tano kwenda mbele na mara tano kwa rivasi. Breki ya mkono nayo lazima ishike mzigo mzima kwenye mwinuko huohuo. Kuna pia jaribio la kushika kasi, nalo si kali: kufika kilomita 97 kwa saa ndani ya sekunde 30. Mkazo wa kipimo umeelekea kwenye joto la injini na gia, kuondoka mlimani na kushika mlimani. Anayechagua gari kwa kasi yake anashindana katika mashindano ambayo wahandisi hawakuyaandaa.

Sasa tushuke bondeni. Barabara ya zamani ya Mai Mahiu, ambayo wafungwa wa kivita wa Italia waliijenga wakati wa Vita Vikuu vya Pili, inateremka kwenye ukingo wa bonde kwa kona nyembamba zenye malori. Chukulia kushuka kwa wima wa mita 500 tu. Msafara wa kilo 4,700 ukishuka kiasi hicho unaachilia nishati ya megajuli 23, ambayo ingetosha kuchemsha karibu lita 70 za maji baridi. Ikiwa dereva anakanyaga breki mfululizo, sehemu kubwa ya joto hilo huingia kwenye diski na ngoma, na hapo ndipo kanyagio hulainika na breki kukosa nguvu. Dawa yake ni gia: gari linaloweza kuwekwa gia ya chini na kukaa humo, injini ikizuia, huku breki zikitumika kwa vipindi vifupi. Kwa sababu hii nayatilia shaka magari mengi ya familia yanayotoka Japani yenye gia za mkanda, zile zisizo na hatua. Mikanda hiyo haipendi joto la mzigo, na watengenezaji wengi huyawekea magari hayo kikomo cha chini cha kuvuta.

Trela nalo lina wajibu wake. Ulaya, trela lisilo na breki zake haliruhusiwi kuzidi kilo 750, na nadhani huo ni mpaka wa busara hata mahali ambapo hakuna anayeuuliza. Boti yetu ya kilo 2,030 bila breki za trela ni mzigo usiopaswa kuingia barabara ya Mai Mahiu nyuma ya gari lolote dogo. Ikumbukwe pia kwamba breki na beringi za trela la boti huzamishwa majini zikiwa bado za moto, kisha maji huvutwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Mwenye trela afungue vitovu na kubadilisha grisi mara kwa mara, hasa kama boti inakwenda pia Kilifi au Malindi, ambako maji ni ya chumvi.

Kurudi nyumbani ndiko kunakofichua injini. Toyota Land Cruiser Prado ya soko la Japani, kizazi cha 150, ilipatikana kwa petroli ya lita 2.7 yenye nguvu za farasi 163, na kuanzia 2015 kwa dizeli ya lita 2.8 yenye 177. Kwa macho ya mnunuzi hizo ni pacha. Tazama nguvu ya msokoto: petroli ina nyutoni-mita 246, tena kwenye mizunguko 3,900 kwa dakika, na dizeli ina 450 kuanzia mizunguko 1,600. Msafara wetu ukipanda mwinuko wa asilimia 6 kwa kilomita 60 kwa saa unahitaji takriban kilowati 63 kwenye tairi. Dizeli inazitoa kwenye mizunguko 2,000 na ziada inabaki. Petroli isiyo na tabo hupoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, hivyo kwenye mita 2,000 imeshapungukiwa na moja ya tano. Itapanda, lakini kwa mizunguko inayozidi 3,500 dakika baada ya dakika, sindano ya joto ikipanda nayo. Tabo ya dizeli huisukumia injini hewa zaidi, na kwa hiyo mwinuko hauiumizi kwa kiasi hicho. Kwa anayeishi Nairobi, hoja hii peke yake inatosha kuamua kati ya magari hayo mawili.

Hata hivyo mtihani mgumu kuliko yote unachukua dakika chache tu, pale maji yanapokutana na zege. Mteremko wa kushushia boti wenye asilimia 14 ni wa kawaida. Boti ikiwa bado inaelea, mzigo ni mwepesi. Mara trela linapotoka majini, gari na boti, abiria na mizigo yao wakiwa wameshuka, vyenye jumla ya kilo 4,400 hivi huhitaji nguvu ya kuvuta inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 600. Zege lenye ukoga linaweza kuipa tairi mshiko wa theluthi moja tu ya uzito unaoikalia, au pungufu. Magurudumu ya nyuma ya Prado yakiwa yamebeba kama kilo 1,350, ikiwemo sehemu ya uzito wa trela inayokandamiza nyuma, yanatoa mshiko wa kilo 400 na ushee: hayatoshi, tairi zitazunguka palepale. Magurudumu yote manne kwa pamoja yanatoa zaidi ya 750, na boti inatoka. Gari la kuvuta kwa magurudumu ya mbele ndilo lenye hali mbaya zaidi, kwa kuwa trela hulikandamiza nyuma na kulinyanyua mbele, hasa pale linapohitaji kushika chini. Gia nzito za magurudumu manne, ambazo kwenye Prado na Hilux huzidisha nguvu zaidi ya mara mbili na nusu, humwezesha dereva kupanda taratibu bila kuichoma klachi.

Wapo watakaosema kwamba kila Jumapili wanaona magari madogo yakivuta boti na hakuna kilichoharibika. Ni kweli, na boti nyingi za hizo ni za alumini, fupi, zenye mashine ndogo, jumla yake haifiki kilo 800. Kwa mzigo huo gari dogo la magurudumu manne linatosha, nami sioni sababu ya kumwuzia mtu huyo tani mbili za chuma. Wengine watasema basi anunue Land Cruiser la V8 na hesabu ziishie hapo. Gari zito husaidia kweli, kwa sababu trela haliyumbishi kwa urahisi kitu kizito kuliko lenyewe. Lakini ukubwa hautibu trela lililopakiwa vibaya. Uzito ukirundikwa nyuma ya ekseli, trela huanza kuyumba kwa kasi ya barabara kuu, liwe nyuma ya gari gani. Kishikizo kinatakiwa kubeba sehemu ndogo ya mzigo, kwa boti asilimia 5 hadi 10, na kilo hizo zihesabiwe ndani ya mzigo wa gari. Wapo pia wenye hoja ninayoiheshimu zaidi: kwa nini kuvuta kabisa? Mtu anayekwenda ziwani mara chache kwa mwaka, tena ziwa moja tu, aiache boti huko na kulipia mahali pa kuihifadhi. Atatumia gari lolote alipendalo.

Kwa anayebaki na nia ya kuvuta boti ya tani mbili kupitia Bonde la Ufa, chaguo langu ni Prado la dizeli la lita 2.8, ambalo Ulaya, na baadaye Australia, liliruhusiwa kuvuta kilo 3,000, likifuatiwa na Hilux ya injini hiyohiyo yenye magurudumu manne. Yote mawili yamejengwa juu ya fremu ya chuma, mahali ambapo kishikizo kinaweza kufungwa kwa boliti na kikashika. Gari likitoka soko la Japani, usidhani kwamba namba ya Australia inalihusu moja kwa moja. Mwite fundi akague kipozeo cha mafuta ya gia na rejeta kabla ya kufunga kishikizo. Na kabla ya hayo yote, azima gari, ijaze boti mafuta na vifaa vyake vyote, ipeleke kwenye mizani ya malori, uandike uzito utakaousoma. Usilipe amana ya gari lolote kabla ya kuwa na karatasi hiyo mkononi.